Harufu ya Kabati la Mwalimu

Benchi letu liko Amalemba, chini ya mabati ya duka la Chemutai, pale barabara ya vumbi inapopinda kuelekea nyumba za watumishi wastaafu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na tumeukalia miaka mingi hata kila mtu ana bonde lake. Kuna Ignatius, tunayemwita Trela kwa sababu aliendesha trekta za miwa huko Musanda miaka ishirini na sita, na mpaka leo anaongea kwa sauti ya kushindana na injini. Ulimi wake haupatani na b, d, g wala j. Kwake kabati ni kapati na dawa ni tawa, na kumsahihisha tulichoka zamani. Kuna Makhanu, yaani Dipu, aliyekuwa akiwaogesha ng'ombe dawa ya kupe, na ambaye hajaona shida ya dunia isiyotaka dawa ya kupe. Kuna mimi, Faili, niliyetunza mafaili ya ofisi ya serikali mpaka mafua ya vumbi yakanistaafisha. Kuna Were wa Mumias, anayetuuzia kahawa ya birika. Na kuna Mwalimu Philip, ambaye siku hiyo alikuja na shida yake. Niseme mapema kwamba sisi ni watu tuliochoka. Kazi hatuna, hamu hatuna, kilichobaki ni maoni.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na jua lilikuwa kali. Hapa Kakamega ukiona jua la asubuhi unalitumia upesi, maana saa nane ikifika mvua inakuja na hakuna wa kuizuia. Mwalimu alifika, akaketi kwenye bonde lake, akaikataa kahawa.

— Amesema hatakaa, akasema.

— Nani? nikamwuliza.

— Tracy.

Tracy ni mjukuu wake. Amepata nafasi hapa chuoni, na mpango ulikuwa akae kwa babu yake, apike, asome, awe na watu. Alilala usiku mmoja tu. Mwalimu alinipa simu nimsomee ujumbe, ingawa yeye ndiye aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma. Nafikiri alitaka kuusikia kwa sauti ya mtu mwingine, pengine ungekuwa mwepesi.

Kwetu babu ni kuka. Nikasoma: "Kuka, usikasirike. Nitatafuta chumba Lurambi na wasichana wengine. Si wewe. Ni hiyo kabati ya jikoni. Nikiweka unga inanuka, nikiweka sahani zinanuka, hata chai ilinuka. Nitapita Jumapili baada ya kanisa nichukue sanduku yangu."

— Jumapili ni kesho, nikasema.

— Siku za wiki nazijua, Faili. Nilizifundisha.

— Pole, Mwalimu.

— Harufu isipotoka kesho mchana, anabeba sanduku anaenda. Ni hivyo tu.

Alisema bila kupandisha sauti. Tangu tumzike mkewe, Navalayo, mwezi wa tatu, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Kula anakula hotelini, akirudi analala mbele ya redio. Tracy alikuwa ndiye mtu wa kwanza kusema atakaa naye. Hilo sote tulilijua, na nilitarajia tungelizungumza kwa uzito wake.

— Lakini mimi nilikwampia wiki iliyopita, akaanza Trela. Nilikwampia weka makati kwa sahani, inkiza ntani ya kapati, funka mlango. Makati inafyonza harufu yote. Uliweka?

— Niliweka.

— Nyingi?

— Slesi sita.

Were alikuwa akinimiminia kahawa. Akaliinua birika juu, akaacha kumimina.

— Slesi sita za nini, Mwalimu?

— Za mkate. Nilinunua hapa hapa kwa Chemutai. Si ndivyo mlisema? Mukati.

Kwetu mkate ni omukati. Trela alikuwa amekusudia magadi, ule unga mweupe tunaotia kwenye mboga za kienyeji zilainike. Yakamtoka mdomoni yakiwa makati, yakaingia sikioni mwa Mwalimu yakiwa mkate. Mtu aliyesahihisha insha miaka thelathini na tano akarudi nyumbani, akapanga slesi sita kwenye sahani ya maua, akafunga mlango wa kabati.

— Na ulitoa lini? Dipu akauliza, midomo ikimcheza.

— Sikutoa. Mlisema nifunge mlango.

— Tangu lini?

— Jumatatu ya wiki iliyopita.

— Na Tracy alilala lini?

— Jumatano hii.

Hapo ndipo tulipaswa kuinamisha vichwa. Tulicheka. Dipu alicheka mpaka akashika nguzo ya duka, Trela akapiga paja lake, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilitokwa na machozi na mafua kwa pamoja. Mwalimu alingoja tumalize, jinsi alivyokuwa akilingojea darasa.

— Nilifikiria ni mambo ya jikoni, akasema. Navalayo alikuwa na mambo yake mengi huko. Alikuwa anawekanga majivu hapa, majani pale. Mimi sikuwa naingianga.

Kicheko kikaisha. Were akanijazia kikombe, akafuta mdomo wa birika na kitambaa.

— Sasa umeutoa? nikauliza.

— Jana. Ulikuwa umeota manyoya ya kijani. Nikatupa pamoja na sahani. Lakini harufu ilikuwako hata kabla ya mkate, na imebaki. Jana jioni fundi wa mifereji alipita, akanionyesha. Mfereji wa paa umetoboka, maji yanateremka na ukuta, na ile kabati imeegemea ukuta huo huo. Mgongo wake umelowa. Amesema itolewe nje leo asubuhi, ioshwe na maji moto na siki, ikauke kwa jua, na ukuta ukauke pia. Mfereji ameshauziba.

— Si basi! Dipu akasema. Shida imekwisha.

— Haijaisha. Ni ile kabati ya zamani, ya mbao nzito, milango sita. Peke yangu nimejaribu, nimeisogeza kidole kimoja. Ni ya watu wanne.

Akatuangalia. Watatu upande huu wa benchi, yeye upande ule. Hesabu ilikuwa rahisi kwa kila mtu, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeifanya kwa sauti.

— Mkonko wanku, akasema Trela, haukupali kuinama tangu mwezi wa sita.

— Mimi nilishonwa hapa, Dipu akasema akigusa tumbo. Daktari alisema nisiinue hata jerikeni.

Dipu alishonwa miaka minane iliyopita, na jerikeni anabeba kila siku, tunamwona. Lakini nilimwacha, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika.

— Goti langu, nikasema. Unajua goti langu, Mwalimu.

— Nalijua.

— Halafu kuna champo linkine, Trela akaendelea, akishusha sauti mpaka ikawa ya kawaida. Hiyo ni chikoni ya marehemu. Mwanaume wa nche hainkianki chikoni ya mwanamke amekufa mpaka watu wafanye kumpukumpu. Ni mila.

Mila hiyo sijaisikia popote, si kwa Waisukha, si kwa Wawanga, si kwa mtu yeyote. Naamini aliitunga pale pale kikombe kikiwa mkononi. Lakini ilinifaa, nikatikisa kichwa kama mtu anayeiheshimu sana. Dipu naye akaguna kwa heshima.

— Kumbukumbu itakuwa mwezi wa kumi na mbili, Mwalimu akasema. Tracy anakuja kesho.

— Ndio maana lazima tufikirie njia ingine, Dipu akasema akajivuta mbele. Njia haina kubeba. Sikiza. Hiyo harufu ni ya wadudu. Mbao ikishika maji, inazaa wadudu wadogo hata macho haiwezi kuona. Wanakula, wanajisaidia, hiyo ndio inanuka. Sasa unachukua dawa ya kupe, kifuniko moja kwa maji lita kumi...

— Kwa kabati ya sahani? nikamkatiza. Unataka msichana afe?

— Ng'ombe hawakufa!

— Ng'ombe hawali kwa sahani.

— Faili, wewe unajua nini juu ya harufu?

Hapo Dipu alinigusa pabaya, kwa maana harufu ndiyo taaluma yangu. Niliwaeleza habari za masijala yetu, jinsi paa lilivyovuja msimu mzima na mafaili ya mashamba yakaota kuvu, na mtu akija kuulizia shamba la babake anapiga chafya kabla ya kutaja namba. Niliwaeleza kwamba tulitia zile tembe nyeupe za kufukuza nondo kila rafu, na kwa muda wa mwaka mmoja ofisi nzima ikanuka nondo badala ya kuvu, na mkubwa akaandika barua ya kutupongeza.

— Kwa hivyo unamwambia aweke tembe za nondo? Were akauliza.

— Namwambia harufu haitolewi. Inabadilishwa na nyingine.

— Basi ni ubani, akasema Were. Sisi Mumias mamangu alikuwa anafukiza kabati kila Ijumaa. Anatia kaa la moto kwa chetezo, ubani juu, anafunga mlango. Ukifungua, nguo zinanukia mpaka msikitini.

— Kaa la moto ndani ya mbao, nikasema.

— Anakaa hapo hapo, analinda.

— Ni kweli ingesaidia, Mwalimu akasema, lakini kwanza itoke kwa ukuta. Ukuta umelowa, Were.

Alisema hivyo kwa upole sana. Were akamwangalia, akaangalia birika lake na vikombe vyake, akaangalia wateja wengine wawili waliokuwa wakimwita kutoka upande wa pili wa barabara. Akaenda kuwahudumia. Jua lilikuwa limesimama juu ya duka la Chemutai, na mtu aliyeanika shuka kwenye ua wa jirani alikuwa tayari anaanua, zimekauka.

Trela alikuwa ameinama akifikiri. Hilo huwa halina mwisho mwema.

— Hiyo mpao ilitoka wapi? akauliza.

— Kabati? Ilitengenezwa na babake Navalayo. Mbao alitoa upande wa Isecheno, enzi hizo msitu ulikuwa bado unaruhusu.

— Naam! Trela akapiga benchi, kahawa yangu ikamwagika. Mmesikia? Ni mpao ya msitu! Wacha niwaampie kitu, na hii nimeona kwa macho. Mti wa msituni, hata ukikatwa, hata ukifanywa kapati, unakumpuka mvua. Mvua ikianza kunyesha Isecheno, mti huo mahali uko unaanza kutoa chasho. Si mfereji! Mfereji unasinkiziwa pure.

— Mfereji ulikuwa na tundu la kidole, Mwalimu akasema.

— Tuntu ni la kweli, lakini tuntu si mwenye makosa. Ntuku zake walipaki kule msituni. Mvua inawanyeshea, yeye huku anasikia.

— Kwa hivyo, Dipu akasema polepole, mtu akinusa kabati ya Mwalimu anaweza kujua mvua itanyesha lini?

— Kapla ya retio!

— Basi hao watu wa hali ya hewa wanaajiriwanga ya nini? Si waje hapa Amalemba wanuse?

— Wataona aipu.

— Lakini nyumba mingi hapa ziko na vitu ya mbao ya huko, nikasema. Viti vya kanisa ni mbao ya huko. Mbona kanisa halinuki?

Trela hakukosa jibu. Alisema kanisa linanuka, ila watu wanadhani ni waumini. Dipu akampinga, akasema harufu ya kanisani ni ya popo. Trela akasema popo nao wanakaa pale kwa ajili ya mbao, kwa sababu ni wageni kutoka msitu huo huo, wanafuata jamaa zao. Nikamwuliza popo wanajuaje mbao ilitoka wapi. Akasema kwa harufu. Nikasema basi ndivyo tulivyorudi pale pale tulipoanzia. Akasema ndiyo, na ndiyo ukweli ulivyo, unazunguka.

Sijui niseme nini kuhusu saa ile. Kulikuwa na raha ndani yake, nakiri, ile raha ya watu wasio na la kufanya wanapopata kitu cha kutafuna. Mwalimu alijaribu mara moja zaidi.

— Hata kama ni dakika kumi tu, akasema. Kutoka jikoni mpaka uani. Nimeshatoa vyombo vyote, nimeng'oa rafu, imebaki mwili.

— Tutaankalia, Trela akasema bila kumtazama, kisha akanigeukia mimi. Lakini Faili, ukisema popo hawanusi, unamaanisha wanaona? Usiku?

Nami nikamjibu. Hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya zaidi: nilikuwa na jibu zuri juu ya popo, na nikalitoa lote.

Kutoka kwa popo tuliingia kwa panya. Dipu alisema kuna panya amekufa nyuma ya kabati, na si panya wa kawaida, ni panya wa miwa, hao wakubwa waliohama mashamba ya huko Mumias viwanda vilipokuwa vinayumba, wakaja mjini kutafuta maisha. Trela, ambaye aliwaponda wengi kwa magurudumu ya trekta, alisema panya wa miwa akifa hanuki, kwa sababu ya sukari. Anakauka kama peremende. Dipu akasema amemzika mwenyewe mmoja na alinuka. Trela akamwuliza kwa nini alimzika panya. Dipu akakataa kujibu, na hiyo ilituchukua nusu saa.

Kisha harufu ikatoka kabatini kabisa. Dipu alisema harufu ya aina hiyo ikikosa kutibiwa inahama: inaingia ukutani, inavuka ua, inaingia kwa majirani, na ndiyo maana akina mama wa nyumba za juu hawasalimiani siku hizi, kila mmoja anafikiri harufu ni ya mwenzake. Nami, aibu yangu, nikaongezea kwamba hata kile chama chao cha kuweka akiba kilivunjika kwa sababu hiyo. Trela akasema kuna wakati alipita barabara ya Shinyalu akasikia kitu puani, akashuka kwa boda, akatembea, asijue kinatoka wapi. Sasa ameelewa. Ilikuwa kabati ya Mwalimu.

— Shinyalu ni mbali, nikasema.

— Upepo ulikuwa mkupwa.

Matone ya kwanza yalipiga mabati saa nane kasoro. Yakaongezeka upesi, mpaka ikawa lazima tuongee kwa sauti ya Trela sote. Were alivuka barabara mbio, birika kifuani, akajibanza kwenye pembe ya duka. Nyuma yake aliingia mwanamke mwenye karai la mboga kichwani, miro na mrenda, shuka lake limelowa mabegani. Hatukumfahamu.

— Hamjambo wazee. Nijikinge hapa kidogo?

— Karipu mama, kaa, Trela akasema akimsogezea nafasi kwenye benchi. Wewe ni wa hapa?

— Nimehamia juzi, zile nyumba za nyuma ya posho mill, pale wanasaga unga. Naitwa Edah.

Alikaa, akaweka karai miguuni, akakamua ncha ya shuka. Were alimpa kahawa bila kuulizwa. Sisi tukaendelea, sasa kwa bidii zaidi kwa kuwa tulikuwa na mgeni wa kusikiliza. Tulimweleza kila kitu, kila mtu kwa wakati mmoja: wadudu, tembe za nondo, mbao inayokumbuka mvua, popo, panya mhamiaji, harufu iliyofika Shinyalu. Edah alisikiliza akipuliza kahawa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri na atalala amechelewa, na bado alisikiliza kwa adabu mpaka tukaishiwa pumzi.

— Na inanukanga aje? akauliza.

— Nini? nikasema.

— Hiyo kabati. Harufu yake iko aje? Kwa sababu kuna ile ya panya, na kuna ile ya kuvu, na kuna ile ya unga imelala. Haziko sawa. Dawa yake pia haiko sawa. Hii inanuka aje?

Mimi nilijaribu kukumbuka, kwa kweli nilijaribu, nikipitia akilini mwangu kila kitu kilichosemwa tangu saa nne, na katika maneno yote hayo hakukuwa na pua hata moja.

— Mwulize mwenyewe, nikasema. Mwalimu, hebu mwambie mama.

Tukageuka. Bonde la Mwalimu lilikuwa tupu. Upepo ulikuwa umerusha mvua mpaka pale, na ubao ulikuwa umelowa wote, bila alama ya mtu aliyeinuka karibuni.

— Ameenda lini? Dipu akauliza.

— Mlikuwa kwa panya, akasema Were. Alisema kwaheri. Nyinyi mlikuwa mnauliza kwa nini panya alizikwa.

Edah alituangalia mmoja mmoja.

— Kwani anaishi mbali?

Nyumba ya Mwalimu ina paa la kijani. Ukikaa kwenye benchi letu unaliona bila kunyoosha shingo, la tatu baada ya mti wa avokado, na ukitembea polepole na goti bovu unafika kabla sigara haijaisha. Edah alifuata macho yetu, akaliona paa.

— Hapo?

— Hapo, Were akajibu kwa niaba yetu.

— Na hakuna mmoja wenu ameenda kuinusa?

Siku ya mazishi ya Navalayo tulikuwa pale wote. Trela aliendesha trekta iliyoleta viti. Dipu alichinja. Mimi niliandika majina ya waliochanga, kwa mwandiko wangu mzuri. Tukala, tukaimba, tukaenda. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefungua geti lile. Tulisema tunampa nafasi. Kisha tukasema yeye mwenyewe anakuja benchini kila siku, basi kuna haja gani ya kumfuata. Alikuja kweli, kila siku, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu, na sisi tulichukulia kwamba anapenda kahawa.

Niliona aibu. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliona aibu usoni na masikioni, mtu wa miaka sitini na saba, mbele ya mwanamke nisiyemjua.

Mvua ilipungua. Edah akainuka, akarudisha kikombe, akajitwisha karai. Hakutusema zaidi ya hapo. Aliaga vizuri, akaenda na barabara yake akiruka madimbwi. Were akalipindua birika kutuonyesha limeisha, akaanza kufunga vikombe vyake kwenye ndoo.

Tukabaki tumekaa. Trela alikwangua matope kwenye kiatu. Saa ilikuwa inaelekea tisa na nusu, jua lote zuri la asubuhi tulikuwa tumelimaliza, na nilijua likirudi leo litakuwa la kusalimia tu.

Nikasimama. Goti likalia.

— Unaenta wapi? Trela akauliza.

— Kunusa.

Sikugeuka kuangalia kama wananifuata. Nilipofika kwenye mti wa avokado nilisikia viatu viwili vya mpira vikipiga maji nyuma yangu, halafu vingine viwili, na Trela akilalamikia mgongo. Geti halikuwa limefungwa. Uani palikuwa na rafu sita zimeegemezwa ukutani, zimenyeshewa, na karai la maji yenye siki, maji ya mvua yamelijaza likafurika. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kitu kizito kikiburutwa kwenye sakafu, inchi moja, kisha kimya, kisha mtu akihema.

Na harufu tuliisikia. Ilikuwa ya kuvu na maji yaliyolala, na chini yake kidogo, ukivuta vizuri, dania, kiungo cha mchuzi wa Navalayo. Ilikuwa harufu ndogo. Isingefika hata kwa Chemutai.

— Hodi, nikasema.

Kuburuta kukaacha.

— Nani?

Nilikuwa na jina, na wenzangu walikuwa na majina, na Mwalimu alikuwa akituita kwa majina hayo kila siku ya Mungu. Lakini pale mlangoni pake, miezi sita baada ya mazishi, kila jina nililotaka kulitaja lilinifanya nijione mwongo.

— Ni nani huko? Mwalimu akauliza tena, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa.

Trela akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kanisani:

— Ni watu wa kupepa kapati.